Unamuuzia mwenye gari la zamani injini kubwa? Usimuuzie injini peke yake



Leo nasema jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda, hasa sisi tunaouza injini na spea za mtumba kwa Instagram na WhatsApp. Injini kubwa tunaziuza kama tunavyouza viatu. Mteja anaandika, "Bosi, nataka 1HZ niweke kwenye 109 ya mzee." Tunamtajia bei, tunamtumia video ya injini ikiunguruma sakafuni, tunamtumia lipa namba, mzigo unapanda lori. Tumemaliza. Wiki tatu baadaye simu zinaanza, na hapo kila muuzaji ana jibu lake moja: "Injini ilikuwa nzima, muulize fundi wako."

Mimi nasema jibu hilo halitoshi. Anayeuza injini kubwa kwa mtu mwenye gari la zamani anatakiwa ajue inakwenda kukaa wapi, na amwambie mteja gharama yote kabla hajapokea hela.

Tuchukue Land Rover 109, kwa sababu ndiyo naulizwa zaidi. Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Huku kwetu zimebaki nyingi: za mashirika, za misheni, za serikali zilizouzwa mnadani, na zile ambazo baba ameziacha na watoto hawataki kuziona zikikatwa chuma chakavu. Nyingi zilikuja na injini ya silinda nne, sentimita za ujazo 2,286. Ile ya dizeli ina nguvu za farasi 62 hivi. Gari tupu lina zaidi ya tani moja na nusu, weka mzigo, weka watu, halafu panda Kitonga. Malori yanakupita. Mwenye gari anachoka, na mimi namwelewa kabisa.

Halafu anaiona 1HZ ya Toyota. Silinda sita, dizeli, ujazo 4,164, nguvu za farasi kama 130. Haina kompyuta, spea zake zipo kila mji kwa sababu ya Land Cruiser mkonga, na kila fundi anaijua. Kwa kuitazama tu, huyo ni mchumba mzuri. Shida ni kwamba gari lenyewe lilichorwa kwa ajili ya ile nguvu ya kwanza. Giaboksi, klachi, shafti za magurudumu, rejeta, breki, vyote vilipimwa kwa injini ndogo.

Msinisikilize mimi, tazameni wenye gari wenyewe walifanya nini. Mwaka 1979 Land Rover walitoa 109 yenye injini ya V8 ya lita 3.5, ile inayoitwa Stage One. Injini hiyo walikuwa nayo tayari kwenye Range Rover. Je, waliitumbukiza tu? Hapana. Walileta na giaboksi ya Range Rover, gari likawa linavuta magurudumu yote manne muda wote ili nguvu igawanyike mbele na nyuma. Uso wa gari ukasogezwa mbele kupata nafasi, ndiyo maana ukiiona Stage One grili yake iko sawa na mabawa, haijaingia ndani kama za wenzake. Na juu ya hayo yote, injini yenyewe waliibana ikabaki na farasi 91 tu. Kiwanda kizima, chenye wahandisi na mashine za kupimia, kiliona nguvu yote haifai kuachiwa kwenye lile gari. Sisi tunamwachia kijana wa gereji chini ya mwembe aamue.

Kitu kinachoniudhi kuliko vyote ni breki. 109 ina dramu magurudumu yote manne. Kwa spidi za injini ya zamani zinatosha, kama zimefungwa vizuri (na mara nyingi hazijafungwa vizuri). Sasa mtu aliyekuwa anatembea 80 anaanza kutembea 110. Anadhani ameongeza kidogo. Lakini mzigo wa kazi ya breki haupandi sawa na spidi, unapanda kwa spidi mara spidi. Kutoka 80 hadi 110, breki zinatakiwa kumeza karibu mara mbili ya zile nguvu za awali. Na 1HZ yenyewe ni chuma kizito, kwa hiyo pua ya gari imeongezeka kilo. Dramu zikipata joto kali kwenye mteremko mrefu zinapoteza nguvu ya kushika. Ndani ya gari hilo kuna mke wa mteja wako na watoto wanakwenda sikukuu. Usiniambie hilo ni la fundi peke yake.

Ndiyo maana mteja akiniuliza 1HZ, swali langu la kwanza ni: "Breki unazifanyaje?" Wengine wananicheka. Wengine wanakaa kimya siku mbili halafu wanarudi na maswali mazuri.

Baada ya breki kuna shafti za nyuma. Shafti za zile ekseli za zamani za Rover zina sifa ya kukatika hata na injini yake ya asili ukizidisha mzigo. 1HZ inavuta mara moja na nusu zaidi, au hata kupita hapo. Ukiweka gia ya kwanza ya chini kwenye matope na mguu mzito, kitakachosalimu amri ni kile chembamba kuliko vyote. Baadhi ya 109 zina ekseli ya nyuma ya Salisbury, yenye difu nene kubwa, na hiyo ni afadhali sana. Mwambie mteja apige picha ya difu ya nyuma akutumie. Picha moja tu inakuonyesha unaongea na mtu wa aina gani.

Kuna na hili la spidi yenyewe. Difu ya Series ni 4.7, na gia ya nne haipunguzi kitu. Maana yake kwa tairi za kawaida, ukifika kilomita 100 kwa saa injini inazunguka mara elfu tatu na ushee kwa dakika, iwe ndogo au kubwa. Kwa hiyo mteja aliyenunua injini kubwa akitarajia utulivu barabarani anapata kelele ileile, ila nene zaidi. Utulivu unaletwa na difu ya 3.54 kutoka Range Rover au Defender, au ovadraivu. Mteja akilijua hilo mapema, kuna wakati anakwambia, "Kumbe nilikuwa natafuta difu, siyo injini." Umepoteza mauzo ya injini, umeuza difu mbili, na huyo mtu hatanunua kwingine tena.

Sasa najua mtaniambia: "Ndugu, ukimuuliza mteja maswali kumi anakimbilia ukurasa wa jirani." Ni kweli, wapo wanaokimbia. Nimewaona. Ila injini inayorudi ni hasara kubwa kuliko mauzo yaliyopotea. Injini hairudi kama gauni. Kusafirisha ni hela, kuna oili iliyomwagwa, kuna boliti zimekatwa, na kuna mtu anaandika jina lako kwenye kila grupu la magari. Kwa mahesabu yangu ya miaka hii, injini yenyewe huwa karibu nusu ya gharama ya kazi yote. Nusu nyingine ni bamba la kuunganisha injini na giaboksi, klachi, mauntini za kuchomelea, rejeta kubwa, bomba la moshi, propela shafti za kufupisha au kurefusha, na siku za fundi. Hiyo nusu nyingine na wewe unaweza kuiuza. Mimi nimeona ni rahisi zaidi kumuuzia mtu hafukati, yaani gari lililokatwa mbele likiwa na injini, giaboksi, rejeta na nyaya zake, kuliko injini iliyochomolewa peke yake. Bei ni kubwa lakini vitu vinavyojuana vinakuja pamoja.

Na siyo kila mtu anahitaji 1HZ. Kwa wengi napendekeza 200Tdi, ya Land Rover yenyewe, ujazo 2,495, ina turbo, nguvu za farasi zaidi ya 100. Kwa mwenye 109 ya dizeli hilo ni ongezeko kubwa, na inakubali kufungwa kwenye giaboksi yake ya zamani bila kuchonga bamba jipya. Hapa wauzaji wa mtandaoni wawe makini sana: 300Tdi kwa jina ni kama mdogo wake, lakini matundu ya kufungia giaboksi ni mengine. Ukiandika kwenye posti "Tdi inaingia Series" bila kusema ipi, umejitengenezea ugomvi mwenyewe.

Kitu kingine kidogo kinachogharimu: volti. 1HZ nyingine, hasa zilizotoka kwenye magari ya soko la Japani, stata yake ni ya volti 24. Gari la mteja ni la 12. Soma kibandiko cha stata, kipige picha, kiweke kwenye posti. Dakika moja hiyo.

Wenye Kombi za zamani wanaotaka injini ya Subaru, yenu ni hadithi ndefu zaidi kwa sababu gari lenyewe lilipozwa kwa hewa na halina hata mahali pa rejeta. Hiyo tutaongea siku nyingine.

Injini inayotoka, mwambie mteja asiiuze kilo. Aifunge turubai aiweke. Magari haya yanatafutwa, na mnunuzi wa kizamani kweli anataka namba ya injini ilingane na ya kadi. Kuna wanaonunua kupeleka nje. Uingereza gari lililozidi miaka 40 husamehewa ukaguzi wa kila mwaka, lakini msamaha huo unaweza kuondoka kama gari limebadilishwa sana, na injini yenye idadi nyingine ya silinda ni moja ya vitu vinavyotazamwa. Injini ya asili iliyokaa stoo inaweza kuwa ndiyo inayouza gari siku hiyo.

Kama wewe ndiye unayelitangaza gari lililokwisha badilishwa, andika mstari wa kwanza kabisa: limebadilishwa injini, ni ipi, breki zimefanywa nini, difu ni ipi. Nimeona matangazo yanasema "109 original, injini kali" na ukifungua boneti unakuta Toyota. Mnunuzi ataigundua siku ya kwanza.

Mwisho ni karatasi. Kadi ya gari ina namba ya injini na ukubwa wake. Ukibadilisha, kadi inatakiwa ibadilishwe, kwa Tanzania ni TRA, kwa ndugu zetu wa Kenya ni NTSA. Bima nayo ipewe taarifa, maana siku ya ajali wataifungua kadi kwanza. Na mteja hawezi kuomba mabadiliko bila kuonyesha injini imetoka wapi. Kwa hiyo risiti yako iwe na namba ya injini iliyosomwa kwenye chuma chenyewe, siyo "injini moja used". Ambatisha nakala ya nyaraka za forodha za kontena iliyokuja nayo. Kama injini uliyopewa kuuza haina karatasi hata moja na aliyekuletea anataka hela leo leo, mrudishie.