Waliosahauliwa Langoni

Mwanafunzi mpenzi, ukitaka kuijua jamii, tazama inawasahau akina nani siku ya hatari. Funzo hili nililipata katika filamu ya Kifaransa isiyojulikana sana kwetu, *Le Roi de cœur*, yaani Mfalme wa Kopa, iliyoongozwa na Philippe de Broca mwaka 1966.

Ni mwaka 1918. Wajerumani wanatega mabomu katika mji mdogo wa Ufaransa kabla ya kuondoka. Wenyeji wanapata habari, wanakimbia. Askari wa Uskoti, Plumpick, anatumwa kwenda kuyategua. Akiwakwepa maadui, anajificha katika nyumba ya wagonjwa wa akili, na lango linabaki wazi. Wagonjwa wanatoka, wanavaa mavazi wanayoyakuta: huyu askofu, yule jenerali, mwingine kinyozi. Plumpick wanamtawaza mfalme. Mwishowe majeshi mawili yanakutana mjini na kumalizana kwa risasi.

Watazamaji wengi huuliza: basi, nani mwenda wazimu? Swali zuri, lakini mimi nina lililo zito zaidi. Wenyeji walipofungasha mizigo, mbona hakuna aliyepita kule langoni kuwaambia wenzao kwamba mji utalipuka?

Nina neno pia na filamu yenyewe. Wagonjwa wake wote ni wachangamfu na wapole, hivyo ni rahisi kuwapenda. Je, yule anayepiga kelele usiku au asiyetaka kuoga? Haki ya raia haitegemei kupendeza kwake.

Sasa tujitazame sisi. Majina ya hospitali za Butabika nchini Uganda, Mathari nchini Kenya na Mirembe nchini Tanzania tumeyageuza kuwa matusi. Mahali pa tiba pakishakuwa tusi, nani atakwenda kutibiwa bila haya? Wewe unayejifunza Kiswahili, pima maneno yako: "kichaa" na "mwehu" hukejeli, "mgonjwa wa akili" humtaja mtu na kumwachia utu wake.

Mwishoni wagonjwa wanarudi ndani kwa hiari yao, na Plumpick, ambaye sasa ni askari mwenye nishani, anawafuata akiwa uchi, mkononi kashika tundu la ndege. Yeye alichagua upande wa waliosahauliwa. Sisi hatutakiwi kuvua nguo; tunatakiwa kuwakumbuka kabla ya kukimbia.