Kasi Pekee Haimfikishi Kijana NFL

Safu ya Nekesa Barasa, Kibomet

Msimu wa michezo ya shule ukifika, kando ya viwanja vya Kitale na Bungoma hakosekani mtu wa kumnyooshea kidole winga mwepesi wa raga na kutangaza kwamba huyo, angezaliwa Marekani, angekuwa milionea. Akibanwa atoe ushahidi, humtaja Daniel Adongo. Anastahili kutajwa, ila hadithi yake isimuliwe hadi mwisho.

Adongo, mzaliwa wa Nairobi, alikuwa amecheza raga Afrika Kusini na New Zealand kabla ya timu ya Indianapolis Colts kumsajili Julai 2013. Hadi siku hiyo hakuwa amecheza mechi hata moja ya futiboli ya Marekani. Desemba 1, 2013, aliingia uwanjani dhidi ya Tennessee Titans, akawa Mkenya wa kwanza kucheza NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani. Kazi yake ilikuwa kwenye kikosi maalumu, kile kinachoingia mpira unapopigwa kwa mguu. Timu yake ilipopiga, yeye alitimka kwenda kumwangusha aliyeudaka. Msimu wa pili aliumia. Mwishoni mwa 2015 Colts walimwacha akiwa amecheza mechi chache mno.

Haikuwa bahati kwamba alianzia kwenye kikosi maalumu. Mpira wa juu unaposhuka, mwanaraga anajua kuudaka, kukimbia nao na kumkabili mtu. Huko Marekani kazi ya kuurudisha mpira ina wafalme wake. Devin Hester alichukuliwa na Chicago Bears mwaka 2006 kama beki wa pembeni, lakini jina alilipata kwa kurudisha mikwaju. Februari 2007, kwenye fainali ya Super Bowl, aliudaka mpira wa kwanza kabisa wa mechi na kukimbia nao yadi 92 hadi mwisho wa uwanja, mbele ya Colts haohao. Alistaafu akiwa na rekodi ya miguso 20 ya kurudisha mikwaju, na mwaka 2024 akaingizwa katika Jumba la Mashujaa wa futiboli.

Basi winga wetu si angetosha?

Hapo ndipo hesabu inapokwama. Hester alikuwa amelelewa na mchezo huo tangu ujana, na kabla ya Bears aliuchezea Chuo Kikuu cha Miami. Beki wa pembeni hukimbia kinyumenyume akimsoma mpinzani anayejua anakokwenda. Hilo halifunzwi kwa mwaka mmoja. Jarryd Hayne, nyota wa ligi ya raga ya Australia, alijiunga na San Francisco 49ers mwaka 2015, na mkwaju wa kwanza aliopokea katika mechi yake ya kwanza ya ligi ulimponyoka. Mwaka uliofuata aliondoka. Louis Rees-Zammit, winga wa Wales mwenye kasi ya kutisha, aliacha raga Januari 2024, akapita Kansas City Chiefs na Jacksonville Jaguars bila kucheza mechi ya msimu, kisha 2025 akarudi raga. Aliyefaulu pande zote mbili ni Nate Ebner: alishinda Super Bowl tatu na New England Patriots na kucheza raga ya Olimpiki ya Rio 2016. Lakini Ebner ni Mmarekani, na futiboli aliisomea Ohio State.

Safu hii haiwakatazi vijana kujaribu. Inachopinga ni tabia ya kutaja NFL ili tusiulizane kuhusu raga iliyo mlangoni petu. Collins Injera alifunga trai 279 katika mfululizo wa dunia wa raga ya wachezaji saba. Kakake, Humphrey Kayange, sasa anaketi katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Kabras Sugar, klabu ya jirani zetu wa Kakamega, ilitwaa Kombe la Kenya mwaka 2016 na imelitwaa tena mara kadhaa tangu hapo. Hawa hawakuhitaji mtu wa kuwagundua kutoka Indianapolis.

Serikali za kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zinapenda kupiga picha na washindi wa michezo ya shule. Bajeti ijayo itupe jibu: kila kaunti ndogo itapata makocha wangapi wa raga wanaolipwa, na kijana akivunjika bega uwanjani, bili ya hospitali ataibeba nani?