Jarida Lililokufa Bila Kupigwa Marufuku



Mwaka 1999 jarida la The Weekly Review lilifunga milango yake baada ya kuchapishwa kwa miaka 24. Hakuna askari aliyetumwa kunyang'anya nakala zake mikononi mwa wauzaji wa magazeti, wala hakuna ilani iliyotolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali ya kulipiga marufuku. Lilijifia lenyewe. Wapo wengi katika kambi ya mageuzi ambao siku ile hawakulia, kwa kuwa machoni pao jarida hilo lilikuwa limekwisha kufa miaka kumi nyuma. Tunadhani wakati umefika wa kuitazama upya hukumu hiyo, kwani inatuhusu sisi kuliko tunavyopenda kukiri.

Jarida lilizaliwa Februari 1975. Mwanzilishi wake, Hilary Ng'weno, alikuwa amesomea fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, akarudi nyumbani na kuwa Mwafrika wa kwanza kushika uhariri mkuu wa Daily Nation. Mwaka 1973, pamoja na mchoraji Terry Hirst, alikuwa ameanzisha Joe, jarida la vichekesho ambalo mkazi wa kawaida wa Nairobi alijiona ndani yake. Lakini The Weekly Review halikuwa la kuchekesha. Halijatimiza hata miezi miwili, Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, J. M. Kariuki, akauawa na mwili wake kutupwa katika vilima vya Ngong. Wananchi walikuwa wakiambiwa na gazeti la kila siku kwamba J.M. yuko Zambia, na kumbe maiti yake imelala mochari hapa hapa Nairobi. Jarida hili changa likaishika habari ile na kuifuata wiki baada ya wiki, hadi kamati ya Bunge iliyoongozwa na Elijah Mwangale ilipotoa ripoti yake mwezi wa Juni. Hapo ndipo Wakenya waliposadiki kwamba yuko mtu anayewaheshimu kiasi cha kuwaambia mambo yalivyo.

Tangu hapo mtu aliyetaka kujua kwa nini waziri fulani ameanguka, au nani amefungamana na nani na kwa faida gani, alingojea mwisho wa juma. Mwaka 1976 walitokea wanasiasa waliotaka Katiba ibadilishwe ili Makamu wa Rais asishike madaraka Rais akifariki. Mwaka 1978 Mzee Kenyatta akafariki kweli. Mwaka 1983 hadi 1984 nchi nzima ikakodolea macho tume iliyomchunguza Charles Njonjo. Katika mambo yote hayo mwalimu wa shule ya sekondari, karani wa halmashauri na kasisi wa parokia walijifunza kuisoma siasa jinsi mkulima anavyosoma mawingu. Huo ulikuwa utumishi mkubwa, na hatuoni aibu kuusifu.

Basi liliharibikiwa wapi?

Dalili ya kwanza haikuonekana katika jarida lenyewe bali katika ndugu yake. Mwaka 1977 Ng'weno alianzisha gazeti la The Nairobi Times. Gazeti zuri lilikuwa, lakini gazeti haliishi kwa uzuri. Huishi kwa matangazo ya biashara, na katika Kenya ya siku zile mtangazaji mkubwa alikuwa serikali na mashirika yake ya umma, na kampuni za watu binafsi nazo zilijua vema ni nani atoaye leseni. Mwaka 1983 gazeti hilo likauzwa kwa KANU, likabatizwa jina jipya la Kenya Times. (Hao ndio waliotaka mwaka 1989 kujenga ghorofa 60 ndani ya Bustani ya Uhuru, hadi Profesa Wangari Maathai alipowasimamia kidete.) Mwandishi aliyeanza kazi kwa kutaka kuwa huru alikuwa amelazimika kumuuzia chama tawala mtoto wake mmoja ili aweze kumlisha yule mwingine.

Miaka hiyo yenyewe ilikuwa ya kutisha. Juni 1982 Bunge lilitia kifungu cha 2A katika Katiba, na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Jaribio la mapinduzi la Agosti 1 mwaka huo likafuatwa na misako na vizuizi. Kisha ukaja mwaka 1988 na uchaguzi wa mlolongo, ambapo watu walisimama nyuma ya picha za wagombeaji mchana kweupe na bado mwenye mstari mfupi akatangazwa mshindi. Mahali hapa ndipo njia za magazeti ya Kenya zilipoachana. Jarida la Beyond, lililotolewa na Baraza la Kitaifa la Makanisa, lilieleza waziwazi wizi huo. Likapigwa marufuku, na mhariri wake Bedan Mbugua akahukumiwa kifungo kwa kosa la kutowasilisha hesabu za mauzo, kosa ambalo hakuna aliyekuwa amelisikia mpaka siku hiyo. Mwaka 1989 ikawa zamu ya The Financial Review. Mwaka 1990 ikawa zamu ya The Nairobi Law Monthly, ambayo mhariri wake Gitobu Imanyara aliwekwa kizuizini mwaka huohuo.

The Weekly Review halikuguswa, nasi tulijua sababu. Lugha yake ilikuwa imejaa tahadhari. Liliandika bado juu ya siasa, tena kwa ustadi uleule, lakini lilizidi kuwaeleza wasomaji hesabu za wakubwa na kupunguza kueleza uchungu wa wadogo. Waliodai vyama vingi waliona humo wanatazamwa kama watu wa vurugu. Nabii Ezekieli anasimulia habari za mlinzi aliyewekwa ili aonapo upanga unakuja apige baragumu. Mlinzi huyu wetu hakulala. Aliuona upanga vizuri kuliko wote, kisha akakaa kueleza kwa utulivu umetengenezwa kwa chuma gani.

Wasomaji wakahama. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, barabara zilijaa majarida makali, Society na Finance yakiwa mbele, na mtu aliyatoa mfukoni kwa kujivuna hata pale ambapo polisi waliyanyakua. Aprili 1993 polisi walivamia kiwanda cha uchapishaji cha Fotoform na kuzima mitambo yake. Magazeti ya kila siku nayo yakapata ujasiri wa kuchambua siasa, na mwaka 1994 ukaja uchambuzi wa kila wiki wa The EastAfrican. Jarida la Ng'weno likafika mwisho wa juma likiwa na habari ambazo wenye hasira walikwisha kuzipata, na wenye subira walikuwa wanapungua.

Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Aliyekuwa na waandishi wa kulipa kila mwisho wa mwezi hawezi kupimwa kwa mizani ya mtu mwenye kalamu na koti lake tu. Si kila mhariri aliitwa kuwa shahidi wa damu, na sisi tuliomdharau hatukumwuliza hata siku moja analipaje kodi ya ofisi. Na tutazame yale majarida yetu ya hasira. Yako wapi? Beyond haliko. Society haliko. Finance haliko. Tuliyasoma nakala moja watu kumi, tukaipitisha kutoka mkono hadi mkono, tukasema Mungu awabariki, wala hatukulipa ada ya mwaka. Jela haikuyamaliza yote. Mengine yalimalizwa na upendo wetu usiofungua mkoba.

Kuna jambo jingine linalotusumbua. Uchambuzi wote huo ulikuwa wa Kiingereza. Makanisa yalikuwa yameonyesha njia tangu mwaka 1964 kwa kutoa Target na mwenzake wa Kiswahili, Lengo, lakini hakuna aliyempa mama wa sokoni jarida la kila wiki la kumweleza kwa lugha anayoiombea jinsi anavyotawaliwa. Wale waliopanga mlolongo walijua hilo, na walilitumia.

Ng'weno alitumia miaka yake ya baadaye kuisimulia historia ya Kenya kwa filamu za televisheni, akafariki Julai 2021. Nafasi ya jarida lake bado iko wazi. Na ile silaha ya matangazo haijatua: mwaka 2015 serikali iliweka matangazo yake yote chini ya idara moja, na wachapishaji wakaanza kulalamika juu ya madeni yasiyolipwa. Mhariri wa leo hapigiwi simu ya vitisho kila mara. Wakati mwingine simu yake haipigwi kabisa, na hundi haiji.

Tuna ombi moja kwa washarika na wanaharakati. Katika nyumba za makasisi, stoo za shule na kabati za wazee wetu wengi kuna marundo ya The Weekly Review ya tangu 1975, pamoja na Beyond na mengine yaliyofichwa chini ya magodoro. Mengi sasa yanafungia maandazi. Yapangeni kwa tarehe, yafungeni kwa uzi, myapeleke katika maktaba ya chuo kilicho karibu. Anayeanza ayatafute kwanza yale ya Machi hadi Juni 1975.