Vilele Viwili na Kicheko cha Wageni

Desemba 1969 televisheni ya BBC huko London ilionyesha kichekesho cha kundi la Monty Python, lililozoea kudhihaki hadithi za upelelezi na filamu za hali halisi. Bwana mmoja, aliyeigizwa na John Cleese, anatafuta watu wa kupanda Kilimanjaro. Macho yake huona kila kitu mara mbili, kwa hiyo ameazimia kupanda vilele viwili. Msafara uliotangulia, chini ya nduguye, ulikwenda kujenga daraja baina ya vilele hivyo! Kijana anayeomba kazi anamweleza kuwa mlima una kilele kimoja tu. Bwana anafunika jicho moja, anaitazama ramani, anakubali.

Wapo wanaokihukumu kichekesho hiki kuwa ni tusi kwa mlima wetu. Hukumu hiyo ni ya haraka. Anayechekwa si mlima wala Mchaga. Ni mvumbuzi mwenye cheo na ramani, asiyeona kilicho mbele ya pua yake. Dhihaka hiyo ni halali. Kwa miaka mingi watoto wetu walikaririshwa kuwa Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika Kibo mwaka 1889, pasipo kuambiwa habari za wapagazi na viongozi wa njia, kama Yohani Kinyala Lauwo anayekumbukwa Marangu.

Lakini tunawapinga pia wanaosifu bila kuuliza. Mzaha wote umejengwa juu ya dhana kwamba kuona vilele viwili ni kasoro ya macho. Mtoto yeyote wa Moshi, asubuhi mawingu yanapofunguka, huviona: Kibo wenye mita 5,895 na Mawenzi wenye mita 5,149, na Shira hatujautaja. Wazee wa Kichaga husimulia jinsi Mawenzi alivyozidi kumwendea Kibo kuomba moto, hata Kibo akachoka akampiga. Ndiyo sababu Mawenzi amechongoka. Basi mwenye macho mabovu ndiye aliyeona sawasawa, na waliomcheka ndio waliokosea!

Twajifunza nini? Kwamba mgeni, hata anapojicheka kwa haki, hawezi kutucheksha kwa niaba yetu. Walimu na wanafunzi, jukwaa la shule lipo. Tungeni kichekesho cha mpiga picha anayepanda kutoka Marangu kutafuta Kilimanjaro, asimwulize njia hata mtu mmoja. Kicheko ni elimu; tusikiagize kutoka ng'ambo.