Bunduki Isiyotoa Risasi



Juma lililopita, baada ya Misa ya kwanza, mama mmoja wa parokia alinijia ofisini akiwa na kikapu kilichofunikwa khanga. Nilidhani ameniletea mayai. Alipoifunua khanga, akatoa mashine ndogo ya plastiki, nyaya zake, kaseti moja ya njano, na bastola ya plastiki yenye waya mrefu. "Baba Paroko," akasema, "hivi nimemnyang'anya kijana wangu. Ichome moto, au uinyunyizie maji ya baraka, wewe ndiye unayejua." Kijana mwenyewe ana umri wa miaka 13. Mashine hiyo aliinunua mtumba kwa fedha alizodunduliza kwa miezi kadhaa, akibeba maji na kuuza karanga.

Sikuichoma. Nilimwomba mama aniachie kikapu kwa siku chache, naye akaondoka akiwa na mashaka usoni, kama mtu aliyekwenda kwa daktari akaambiwa arudi kesho. Basi ninadaiwa jibu, na kwa kuwa najua si yeye pekee mwenye swali hili, nalitoa hapa hadharani.

Sina budi kuungama jambo moja kwanza. Mashine za namna ile si ngeni kwangu. Nilipokuwa masomoni Roma, katika nyumba tuliyokaa mapadre wa mataifa mbalimbali, padre mmoja kutoka Ayalandi alikuwa na Nintendo 64 iliyokwisha kuchakaa, akaiweka katika chumba cha mapumziko. Jioni za Dominika tulicheza. Kwa hiyo anayeandika hapa si shahidi asiyehusika.

Wapo wasemao kwamba uzuri wa michezo ya zamani ya video ni kumbukumbu za utoto tu: mtu mzima huupenda mchezo kwa kuwa anaupenda ujana wake uliopita. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini haitoshi. Kijana wa mama yule amezaliwa miaka mingi baada ya michezo ile kutengenezwa, hana kumbukumbu yoyote ya wakati huo, na hata hivyo ameuza karanga ili aipate. Nionavyo mimi, kilichoifanya michezo ile idumu ni kwamba inamtendea mchezaji haki. Ukishindwa, unajua kwa nini umeshindwa, na unajua kosa ni lako.

Tazama mfano wa kale. Mwaka 1978 Mjapani Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito alitengeneza mchezo wa kufyatua risasi uitwao Space Invaders. Safu za wavamizi hushuka polepole kutoka juu ya kioo, nawe uko chini na mzinga mmoja. Kompyuta iliyokuwa ndani ya mashine ile ilikuwa dhaifu, ikapata taabu kuwachora wavamizi wote kwa pamoja. Lakini kadiri walivyopungua, kazi yake ilipungua, nao wakaenda kasi zaidi. Nishikado aliliona jambo hilo, akaliacha lilivyo. Ndiyo maana mvamizi wa mwisho hukimbia kama mwizi aliyeonwa sokoni, na mdundo wa sauti 4 unaorudiwa huharakisha kama moyo wa mwenye hofu. Umaskini wa mashine ukawa utajiri wa mchezo, na hatari ikazidi pale pale mchezaji anapoukaribia ushindi.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni Super Mario Bros., uliotolewa na Nintendo huko Japani tarehe 13 Septemba 1985, kazi ya Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Programu na picha zake zote zilienea katika kilobaiti 40. Picha moja uliyopiga kwa simu jana huizidi mara nyingi. Kwa sababu ya ufinyu huo, mawingu yaliyo angani na vichaka vilivyo chini ni mchoro ule ule mmoja, umebadilishwa rangi tu. Mamilioni ya watu wameutazama kwa miaka bila kugundua.

Sasa fuatana nami katika nusu dakika ya kwanza ya mchezo huo. Mario amesimama upande wa kushoto wa kioo, ameelekea kulia, na mbele yake kuna nafasi tupu. Hakuna maandishi ya kukuelekeza. Unakwenda kulia kwa kuwa hakuna kwingine kwa kwenda. Anakuja kijidudu cha kahawia mwenye nyusi za hasira, aitwaye Goomba. Ukimgusa, umekufa. Umepoteza nini? Sekunde chache. Unaanza tena, na safari hii unaruka, na huenda katika kuruka ukagonga kwa kichwa tofali lenye alama ya kuuliza, inatoka sarafu. Unagonga jingine, unatoka uyoga, unateleza kwenda kulia, unaanguka chini, unagonga bomba na kugeuka kukufuata wewe. Unaogopa, maana umekwisha kufundishwa kwamba kinachokujia ni kibaya. Unataka kuruka, lakini juu yako kuna matofali, na kichwa kinakurudisha chini. Uyoga unakugusa, nawe unakuwa mkubwa. Katika nusu dakika umejifunza kwenda, kuruka, kuogopa, kupekua, na tena kutofautisha kitu chema na kibaya, na hakuna aliyekuambia neno hata moja. Nimefundisha katekisimu kwa miaka mingi, na nakiri kwa aibu kidogo kwamba sijawahi kupanga somo la nusu dakika lenye utaratibu kama huo.

Mtanijibu: Baba, huo ni mchezo wa uyoga na sarafu, sisi tunauliza kuhusu bunduki. Haya, tuziendee bunduki.

Doom ulitolewa na kampuni ya Marekani iitwayo id Software tarehe 10 Desemba 1993, na sehemu yake ya kwanza iligawiwa bure. Jina lenyewe linatisha, na picha zake ni za kuzimu kwelikweli. Mimi nisingempa mtoto wa miaka 13 mchezo ule. Una damu nyingi mno. Lakini mtu mzima anayeuchunguza ataona uadilifu wa ajabu katika muundo wake. Mipira ya moto inayorushwa na maadui wengi huonekana ikija angani, na mwenye miguu myepesi huikwepa. Pepo akikuona, hutoa sauti yake, nawe kwa sauti tu unamtambua kabla hujamwona. Ibilisi wa Doom ana adabu moja ambayo yule wa kweli hana: hubisha hodi. Tena adui akimpiga mwenzake kwa bahati mbaya, hugombana wao kwa wao, na mchezaji mwerevu hujiweka katikati yao kwa makusudi, kisha akajiondoa na kuwaacha wamalizane.

Mchezo tuliocheza Roma ulikuwa GoldenEye 007, uliotengenezwa na kampuni ya Rare ya Uingereza na kutolewa mwaka 1997, ukifuata filamu ya James Bond ya mwaka 1995. Kiongozi wa kazi hiyo alikuwa Martin Hollis, na wengi wa kundi lake dogo walikuwa hawajawahi kutengeneza mchezo wowote. Labda ndiyo sababu walithubutu. Katika michezo mingi, ukichagua ugumu zaidi, maadui huwa wakali zaidi, basi. Katika GoldenEye unaongezewa pia majukumu: jengo lile lile ulilolipita kwa kukimbia, sasa huna budi kuingia katika vyumba vyake na kukamilisha kazi ambayo awali hukujua ipo. Mahali unapopafahamu panakuwa pageni.

Kilichotukusanya sisi, hata hivyo, kilikuwa ule uwezo wa kucheza watu 4 kwa pamoja, kioo cha televisheni kikiwa kimegawanywa sehemu 4. Sehemu hiyo iliongezwa mwishoni mwishoni, kazi ikikaribia kukamilika. Kila mmoja aliweza kuona kioo cha mwenzake, yaani kila mmoja aliweza kuchungulia na kujua adui amejificha wapi. Tulichungulia wote, na wote tulikana. Kisha kulikuwa na Oddjob, mhusika mfupi kuliko wengine, ambaye risasi zilipita juu ya kichwa chake. Padre wa kutoka Brazili alimchagua kila mara, hadi siku moja tukaafikiana kwamba Oddjob hachaguliwi tena. Baadaye nilikuja kujua kwamba wachezaji wa nchi nyingine walifikia uamuzi ule ule sebuleni mwao. Tulisoma Sheria ya Kanisa mwaka mzima darasani. Sheria pekee niliyoona ikitiiwa na nyumba yote bila msimamizi ilikuwa ile ya Oddjob.

Kuna kisa kimoja cha mchezo huu ambacho Hollis mwenyewe alikisimulia hadharani mwaka 2015. Kazi ikielekea mwisho, Miyamoto, yule yule wa Mario, aliwaandikia kwa faksi kutoka Japani. Aliona kuna kuua kwingi kwa karibu mno. Akapendekeza kwamba, mchezo ukiisha, mchezaji apelekwe hospitalini, akapeane mikono na maadui wote aliowapiga risasi, mmoja mmoja kitandani pake. Hawakulifuata pendekezo hilo. Badala yake waliweka mwishoni utambulisho wa wahusika, kama wafanyavyo katika filamu, ili mchezaji akumbuke kwamba yalikuwa maigizo. Walifanya vema. Lakini mimi nasikitika hospitali ile haikujengwa. Ningependa kuwaona mapadre wanne wakiizungukia kila Dominika usiku.

Sasa nirudi kwa mama wa kikapu. Siku ile alipokuwa akinieleza hatari ya mashine ya kijana wake, binti yake mdogo alianza kulia, naye akampa simu ili anyamaze. Mtoto alinyamaza mara moja. Nilichungulia, tabia niliyotoka nayo Roma, nikaona kuna mchezo wa rangi za kupendeza ambao kila baada ya muda mfupi ulisimama na kudai: tazama tangazo, ngoja saa kadhaa, au lipa uendelee. Hauna mwisho mchezo huo. Umetengenezwa usiwe nao. Hushindwi kwa kosa lako, unashindwa kwa kuwa muda umefika wa kukuuzia kitu. Ipo hata michezo inayouza masanduku ya bahati, unalipa bila kujua utakachopata ndani, na mwaka 2018 mamlaka inayosimamia kamari nchini Ubelgiji ilitamka kwamba baadhi ya masanduku hayo ni kamari kwa mujibu wa sheria yao. Mama aliogopa bastola ya plastiki iliyokuwa kikapuni, akampa mtoto wa miaka 4 kile nilichokiogopa mimi.

Sisemi kila mchezo wa zamani ulikuwa mtakatifu. Mashine nyingi za mitaani za miaka ile zilifanywa ngumu kupita kiasi ili sarafu ziendelee kuingia, na hiyo nayo ni hila. Wala sisemi kijana aache masomo acheze. Apangiwe saa, na mzazi asimamie. Ninalosema ni kwamba mzazi akitaka kuuhukumu mchezo, asianze na kuangalia kama una bunduki. Aanze kwa kuuliza mtoto akishindwa anaambiwa nini: jaribu tena, au lipa?

Alhamisi mama alirudi, safari hii akiwa na kijana wake, aliyenisalimu akitazama viatu vyake. Niliitoa stoo televisheni yetu ya zamani, ile ya chogo, nikachomeka nyaya. "Padre," kijana akasema kwa sauti ya chini, "hiyo bastola haifanyi kazi. Nimejaribu kwenye TV ya nyumbani, haipati hata bata mmoja." Mama akamgeukia: kumbe silaha aliyoiogopa haikuwa imewahi kulenga kitu.

Nikawaeleza. Mchezo huo ni Duck Hunt, wa Nintendo, wa mwaka 1984. Bastola yake haitoi kitu chochote. Ukibonyeza kifyatulio, kioo huwa cheusi kwa kitambo kidogo sana, kisha mahali alipo bata huonekana mraba mweupe. Ndani ya mtutu kuna jicho dogo, na kazi ya jicho hilo ni kutazama tu: likiuona mwanga, bata ameanguka, likiona giza, umekosa. Hesabu hiyo ya wakati ilipangwa kwa televisheni za chogo, nazo hizi bapa za siku hizi huchelewa kuonyesha picha, na jicho huona giza tu. Kijana alinisikiliza mdomo wazi. Nadhani alikuwa ameanza kufikiri kwamba aliibiwa fedha zake.

Nilimpa mama bastola. Alikataa, kisha akaishika kwa vidole viwili kama anayeshika panya aliyekufa, kisha kwa mkono mzima. Bata akaruka. Mama akafyatua mara 3, idadi anayoruhusiwa, akakosa zote. Bata akaenda zake, na kutoka katika majani akainuka yule mbwa wa mchezo, akacheka.

"Huyu mbwa ananicheka mimi?" mama akauliza.

Kijana akasema ndiyo, mama, humcheka kila mtu.

Akakaa sawasawa kwenye kiti, akaifunga khanga yake vizuri kiunoni. "Ngoja kwanza, Baba Paroko," akasema. "Nirudie."