Kuhama kwa ajili ya dini: Ghuba, Zanzibar au kubaki Mbeya?

MUISLAMU wa Mbeya au Iringa anayetamani kuhamia nchi ya Kiislamu ili aishi dini yake kikamilifu anakabiliwa na swali zito kuliko nauli: ni nchi ipi itakayompokea?

Oman ndiyo hutajwa kwanza. Hata hivyo, wengi waliopokewa huko baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, hususan tangu Sultan Qaboos ashike madaraka mwaka 1970, walikuwa na nasaba ya Oman. Kwa asiye na nasaba hiyo, mlango wa kawaida ni ajira, ambako ukaazi hufungamana na mwajiri. Kazi ikikoma, ukaazi nao hutetereka. Aidha, mtu mzima anayechukua uraia wa nje hupoteza ule wa Tanzania, kwa mujibu wa Sheria ya Uraia ya 1995.

Zanzibar iko karibu zaidi, na Mahakama ya Kadhi inatambuliwa kisheria. Tanzania Bara, mahakama hizo ziliondolewa miaka ya 1960, na muswada wa kuzitambua uliondolewa bungeni mwaka 2015.

Lakini hijra ya kwanza ya Waislamu, takriban mwaka 615, ilielekea Uhabeshi, chini ya mfalme Mkristo aliyesifika kwa uadilifu. Kipimo kilikuwa haki na usalama wa ibada. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inalinda uhuru huo. Anayefunga mizigo hana budi kujiuliza: anakimbia dhuluma, au anaiacha madrasa ya mtaani kwake bila mwalimu?