Ufa wa Texas na bei ya guari Rajasthan

BEI ya guari, zao la jamii ya kunde linalostahimili ukame wa Rajasthan nchini India, haipangwi na wanunuzi wa Jodhpur peke yao. Kwa kiasi kikubwa hutegemea kinachotokea ardhini Marekani, ndani ya nyufa zenye upana wa milimita chache tu.

Zamani guari ilikuwa mboga na chakula cha ng'ombe, na unga wa mbegu zake ulitumika viwandani, ikiwamo kukazia aiskrimu. Kisha wachimbaji wa mafuta wakauhitaji. Katika miamba iliyoshikana sana mafuta hayatoki yenyewe. Mwamba hupasuliwa kwa maji yenye shinikizo kubwa, na mchanga huingizwa ili nyufa zisijifunge pampu zikizimwa. Maji matupu hayabebi mchanga vizuri, hutuama njiani. Yakitiwa unga wa guari huwa mazito kama uji, na mchanga hufika mbali.

Uzalishaji wa kisima hutegemea sana uwezo wa ufa kupitisha mafuta, yaani upana wa ufa ukizidishwa na urahisi wa mafuta kupenya kati ya chembe za mchanga. Chembe kubwa za mviringo huacha nafasi nzuri. Lakini uzito wa miamba ukizidi, mchanga dhaifu husagika na vumbi lake kuziba njia. Ndiyo sababu baadhi ya visima virefu hutumia chembe za kauri, ambazo ni ghali. Guari nayo ina kasoro yake. Hata uji ukivunjwa kwa kemikali baada ya kazi, masalia hunasa kati ya chembe kama tope kwenye mfereji wa mpunga.

Kasoro hiyo haikuwazuia wanunuzi. Kati ya 2011 na 2012 bei ya mbegu ilipanda takriban mara 10, na Machi 2012 mamlaka za India zikasimamisha biashara ya mikataba ya bei za baadaye ya guari hadi Mei 2013. Kampuni ya Halliburton ilikiri mwaka 2012 kuwa gharama ya guari imeipunguzia faida. Wakulima nao wakapanua mashamba, hata katika majimbo yasiyo na desturi ya kulima zao hilo.

Bei ikaporomoka. Sababu moja kila mtu aliiona: pipa la mafuta lililozidi dola 100 katikati ya 2014 lilishuka chini ya dola 30 Januari 2016. Ya pili ilipita kimya kimya, nayo ndiyo nzito zaidi kwa mkulima. Ufa hupimwa kwa kulinganishwa na mwamba wenyewe. Mwamba unaotoa mafuta tone kwa tone hauhitaji barabara ya lami. Vijia vya baiskeli vinatosha, mradi viwe vingi. Hivyo wahandisi walihamia kwenye maji mepesi yenye kilainishi cha kiwandani, yanayosukuma mchanga laini kwa kasi. Mbinu hiyo ilianza kushika kasi eneo la Barnett, Texas, mwishoni mwa miaka ya 1990.

Wauza mchanga pia waliguswa. Kuanzia 2017 migodi ilifunguliwa magharibi mwa Texas, na mchanga mweupe wa Wisconsin, ulio imara zaidi, ukakosa soko huko kwa sababu ya nauli ya treni. Kama akiba hiyo italipwa baadaye kwa nyufa kujifunga mapema, wahandisi bado wanabishana.

Guari bado inanunuliwa, hasa kwa visima vinavyohitaji mchanga wa chembe kubwa, na viwanda vya chakula havijaiacha. Lakini mwaka 2022, mafuta yalipovuka tena dola 100, bei ya mbegu hizo haikukaribia ile ya 2012.